Jino huokolewa na dakika, si ukali wa dawa

Anayeamka Musoma, Bunda au Butiama na shavu limevimba kwa jino bovu, mara nyingi huwa ameshaamua: ling'olewe, yaishe. Akiambiwa mzizi unaweza kusafishwa na jino likabaki, humshangaa daktari anayeshika bomba la sindano, anamwaga dawa, anaifyonza, anamwaga tena. Inaonekana kama kupoteza muda. Nasema dakika hizo ndizo matibabu yenyewe, na hospitali inayozipunguza ili kuwahi foleni inauza nusu ya kazi kwa bei ya nzima. Faili za kukwangua mzizi haziufikii ukuta wote. Vipimo vya picha vimeonyesha theluthi moja au zaidi ya ukuta huo haiguswi kabisa. Zaidi ya hapo, dentini, yaani tishu ngumu ya jino, imetobolewa na vijitundu makumi ya maelfu katika kila milimita ya mraba, na bakteria hujificha humo. Fikiria mtungi wa udongo: maji hupenya taratibu hadi ukatoa jasho kwa nje, lakini ukiupaka tope kwa ndani, jasho linapungua. Faili nayo huacha utando wa unga unaoziba vijitundu, ndiyo maana lazima dawa ya EDTA ya asilimia 17 ipite kuuondoa.

Dawa kuu ni sodiamu haipokloraiti, ndugu wa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliipima kwa ujanja: dentini ilitiwa rangi ya zambarau, jamaa ya GV tunayopaka vidonda vya mdomoni, kisha ikaangaliwa rangi imefutika hadi wapi. Dawa ya asilimia 1 kwa dakika 2 iliingia maikroni 77. Ya asilimia 6, ikipashwa joto hadi nyuzi 45 na kukaa dakika 20, ilifika 300, ambazo hazifiki hata theluthi ya milimita. Ukali ulisaidia, sikatai, ila si kwa kiasi tunachodhani: katika muda uleule, ile ya asilimia 1 ilifika nusu hadi asilimia 80 ya kina cha ile ya 6. Ukali huo una gharama, kwani dawa ikipenya ncha ya mzizi inaunguza nyama, na uso unavimba vibaya. Dakika haziunguzi mtu.

Atasema mtu kwamba bakteria huingia ndani kuliko maikroni 300, kwa hiyo dakika zote hizo za nini? Wanaobaki hufungiwa humo kwa kuziba mzizi na kichwa cha jino barabara, wakakosa chakula. Wachache ni rahisi kuwafungia kuliko jeshi zima. Atasema mwingine madaktari wa meno ni wachache na kung'oa ni rahisi. Kweli, na jino lililooza hadi kwenye fizi ling'olewe tu. Lakini gego la kijana wa miaka 15 halioti tena, na kazi inaweza kugawanywa kwa siku mbili. Kabla ya kuagiza mashine ya kuzungusha faili, hospitali ya wilaya ianze na saa ya ukutani na kabati lenye giza, maana chupa ya haipokloraiti ikiachwa dirishani kwenye jua la ziwani hupoteza klorini, na asilimia iliyoandikwa kwenye lebo inabaki maandishi tu.