Mathe, Leo Umetumia Pedi Ngapi?

Hilo ni swali ambalo wasee wengi hapa 46 hawawezi kuuliza nyumbani. Utamuuliza mathe kama amekula, kama amemeza dawa, kama tokeni za stima zimebaki. Lakini akiwa ametolewa kizazi kwa sababu ya saratani, bado yuko kwa matibabu, halafu damu ianze kutoka ghafla, nyumba nzima inanyamaza. Mimi nasema hicho kimya ni hatari, na wewe kijana ndiye unafaa kukivunja.

Si shida ya nyumba moja. Saratani ya mlango wa kizazi ni ya pili kwa kuwapata wanawake Kenya, nyuma ya ile ya matiti, na kwa baadhi yao kutolewa kizazi ni sehemu ya matibabu.

Sasa shika hili: hedhi hutoka kwenye kizazi. Kizazi kikishatolewa, hedhi imeisha. Jirani akimwambia "ni siku zako zimerudi", anampotosha.

Wiki za kwanza baada ya upasuaji, matone kidogo au uchafu wa rangi ya kahawia si ajabu, kidonda cha ndani kinapona. Inaweza kuendelea hadi wiki 6 hivi, lakini inafaa kuwa inapungua. Ikiongezeka, au ikiwa ilikuwa imekauka kisha ikarudi, daktari lazima ajue. Kemo hushusha chembe zinazogandisha damu. Miale nayo hudhoofisha ngozi ya uke, na inaweza kuumiza kibofu au utumbo hadi damu itoke, hata miezi au miaka baadaye. Na ndiyo, wakati mwingine ni saratani imerudi. Mimi niliacha college, sijifanyi daktari, lakini najua huwezi kutambua ni gani kati ya hizo ukiwa umeketi kwa keja.

Ndiyo maana nataka uhesabu pedi. Ikijaa moja ndani ya saa moja, ukiona mabonge ya damu, homa, harufu mbaya, kizunguzungu au maumivu makali ya tumbo, usingoje siku ya kliniki. Ni usiku huo huo. Kutoka 46 hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta si mbali, lakini saa nane usiku usitegemee matatu, na mgonjwa mwenye kizunguzungu hapandi bodaboda. Weka pesa ya teksi kando mapema. Faili yake ikae mahali mnapojua nyote. NHIF iliondoka, tangu Oktoba 2024 ni SHA, kwa hivyo hakikisha amesajiliwa na mchango umelipwa kabla ya usiku huo.

Mchana pia kuna kazi. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Mtu aliyefanyiwa upasuaji juzi haubebi, beba wewe. Na usimkimbilie dawa za maumivu kwa kemisti bila kuuliza wanaomtibu, kwa sababu kuna zingine huzidisha damu.

Najua utaniambia: mimi ni mwanamume, nitamuulizaje mamangu mambo kama hayo? Sawa, heshima ni kitu kikubwa. Basi usianze na pedi. Muulize, "Mum, imepungua ama imeongezeka?" Ikikushinda kabisa, tuma dada yako, au shangazi, au yule mama wa ploti anayemwamini. Muhimu ni kwamba kuna mtu anajua.

Maana yeye hatasema. Choo ni cha ploti nzima, anangoja giza liingie ndipo atoke na karatasi yake nyeusi. Ukimuuliza hali atakujibu "niko sawa". Hapo anapiga hesabu: nauli, kodi, karo ya mdogo wako. Ameamua damu yake ndiyo inaweza kungoja. Usimwache afanye hesabu hiyo peke yake.

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujatoka kwenda kuona mechi, kaa naye dakika tano na umuulize. Akikasirika, mwache akasirike. Kesho uliza tena.