Simu yako iko na majina ya wenzako

Vijana wa Uvira, ndugu zetu wa Kiliba, Sange, Makobola mpaka Baraka,

Kila anayesafiri kwenye barabara zetu anajua ile amri: "Leta simu, fungua." Anayeitoa anaweza kuvaa tenue ya serkali, anaweza kuwa mtu wa kundi lingine lenye silaha. Anaingia WhatsApp, anapekua picha, anasoma. Hatumlaumu aliyefungua: mbele ya bunduki, uhai ndio wa kwanza. Ndiyo maana kazi ya kulinda simu inafanywa nyumbani, kabla ya kufika bariyeri.

Tuanze na sheria. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya binafsi na siri ya mawasiliano yake. Haki hiyo inaguswa tu pale sheria inaporuhusu. Hamu ya askari ya kujua unaongea na nani, hiyo si sheria. Kifungu cha 18 kinasema ukikamatwa uelezwe sababu mara moja, kwa lugha unayoelewa. Uwasiliane na familia ao avoka wako. Na polisi wasikuweke buloko kupita saa 48. Tuyajue haya, tuyaseme kwa heshima, bila matusi.

Kuna wanaosema: "Asiye na kosa haogopi." Hapana. Ndani ya simu ya kijana mmoja wa harakati kuna mama aliyesimulia alichotendewa, kuna mtu wa moto aliyetuma picha, kuna namba za wenzetu wote wa kartie. Hao hawakukubali kusomwa. Kosa lao liko wapi?

Na simu ikirudishwa, usishangilie haraka. Mwezi wa tano 2025, Nairobi, polisi walikamata watengenezaji filamu, wakiwahusisha na filamu ya BBC juu ya vijana waliouawa kwenye maandamano ya 2024. Simu zao zilichukuliwa, zikarudishwa baada ya wiki nyingi. Wataalamu wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walizipima, wakakuta ndani ya baadhi yake programu ya upelelezi, FlexiSPY, iliyowekwa wakati simu ziko mikononi mwa polisi.

Basi, wiki hii kila mmoja afanye hivi:

– Weka namba ya siri ya tarakimu sita ao zaidi. Si mwaka wako wa kuzaliwa.
– Ondoa alama ya kidole na sura. Kidole kinaweza kushikwa kwa nguvu. Namba iko kichwani.
– Unaposafiri, zima simu kabisa. Ikiwashwa tena itadai namba ya siri kwanza.
– Washa ujumbe unaojifuta kwenye gropu zetu. Ushuhuda usikae kwenye simu: ukishaufikisha mahali salama, uondoe.
– Weka namba ya siri kwenye karte SIM na uhakiki wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ili anayeshika karte yako asijifanye wewe.
– Angalia "vifaa vilivyounganishwa" kwenye WhatsApp. Usichokijua, kitoe.
– Mwenzako akikamatwa, mtoe kwenye gropu siku hiyo hiyo. Si kumtupa, ni kumlinda pamoja na sisi wote. Kisha tafuta avoka.
– Simu iliyorudi kutoka mikononi mwao, usiingie nayo kwenye gropu mpaka fundi tunayemwamini aiangalie.

Kwa wakubwa wa muji na wa provense: tunadai kufungua simu za raia bila msingi wa sheria kukome, na anayefanya hivyo aadhibiwe. Bariyeri iwepo kwa usalama wetu. Kusoma barua za watu hakujamkamata mwizi hata mmoja wa usiku.

Tuliaminiwa na watu wasio na sauti. Tusiwauze kwa uvivu wa tarakimu sita.

Uvira ni yetu. Tulindane.