Subira si Kunyamaza

Tarehe 9 Januari mwaka 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alitoa hukumu ambayo barazani kwetu haikuzungumzwa hata kidogo. Alisema kifungu cha 226 cha Sheria ya Jinai, kilichomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, chapingana na Katiba. Kabla ya hapo, mtu akiokolewa alikuwa katika hatari ya kufungwa hadi miaka 2. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza, nao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961.

Nilipoitaja hukumu hiyo, wenzangu walinijibu, "Hayo ni haramu, ya nini kuyasema?" Naam, ni haramu, na jaji hakuyahalalisha. Maana ya hukumu yake ni kwamba mgonjwa hastahili korokoroni, astahili tiba.

Nina sababu ya kulishughulikia jambo hili. Miaka kadha kabla ya hukumu, rafiki yangu niliyesoma naye chuo kimoja tangu alifu na bei alifiwa na mwanawe baharini. Matangani hakutoa chozi, nasi tukamsifu. Mimi mwenyewe nilimshika bega nikamwambia, "Jikaze, ndugu yangu. Mwanamume halii."

Akajikaza. Akaacha kulala, akaacha kula, mwisho akaacha kuja barazani, nasi tukasema ameingia kiburi. Usiku mmoja majirani walimwahi akitaka kujitoa roho. Hospitalini jamaa zake walisema ameteleza akaanguka, kwa kuogopa polisi na kuogopa aibu. Daktari akatibu alichoambiwa: alifunga jeraha akamruhusu. Ugonjwa wenyewe ukarudi naye nyumbani, na ilipita miezi mingi kabla mkewe hajakata shauri kumpeleka kwa daktari wa akili. Alhamdulillahi, yu hai.

Tangu hapo najiuliza neno lile nililomwambia nililitoa wapi. Katika dini sikulitoa. Sote tumesoma Sura Yusuf chuoni. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, ndiye aliyeitaja subira njema, naye ndiye aliyemhuzunikia mwanawe hata macho yakaingia weupe, na majonzi yake akamshitakia Mola wake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akifiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi. Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, aliambiwa kuwa hiyo ni rehema.

Ni kweli kwamba Kurani, katika Sura Aali Imran, yawasifu wanaozuia ghadhabu zao. Walakini kumeza hasira ili usimdhuru mwenzio ni jambo moja, na kumeza huzuni hata ikudhuru wewe ni jambo jingine. Sisi tumeyachanganya yote mawili tukayaita subira.

Wala tusiseme kwamba maradhi ya moyo ni mambo ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslaha ya mwili na ya nafsi. Alieleza kwamba kuna huzuni ambayo sababu yake yajulikana, na kuna huzuni imjiayo mtu pasi na sababu ya kuonekana, nayo huenda asili yake ikawa mwilini. Kila moja aliitafutia dawa yake. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Wake zetu wana pa kutulia mzigo: kuna kilio cha matangani, kuna kutembeleana, kuna taarabu, hata kanga humsemea mtu. Sisemi kwamba wao hawaugui. Lakini sisi waume tuna baraza, na barazani twazungumza siasa, mpira na bei ya samaki. Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na waume ndio wengi zaidi.

Jaji ameondoa hofu ya polisi. Hofu ya aibu haimo katika mamlaka yake, imo mikononi mwetu. Hitima ikishasomwa na mikeka kukunjwa, sisi hurudi makwetu tukidhani msiba umekwisha. Basi ndugu msomaji, mwendee aliyefiwa baada ya mwezi, umwulize, "Walala?" Ukiona halali wala hali, mfuatane hospitalini, na huko semeni kweli.

Rafiki yangu nilimwendea kumtaka radhi. Akaniambia, "Siku ile nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aniambie, lia."

Ndugu likikulemea, usilifungie ndani,
Mtafute wa kwendea, umweleze faraghani,
Machozi yakitokea, si upungufu wa dini,
Subira si kunyamaza, na moyo u matesoni.