Bata wa Mfanyakazi si Sehemu ya Mshahara



Katika matawi ya mashamba ya miwa na ya chai tunayotembelea hapa Uganda, swali moja tumeulizwa mara nyingi, nalo ni hili: je, chama kinasema nini juu ya watu kufuga bata katika laini na katika viwanja vidogo wanavyokodi? Wengine wanauliza kwa sababu nyapara amewaamuru waondoe ndege wote. Wengine wameona jirani anauza bata sikukuu ikikaribia, nao wanataka kuanza. Na wako wanaouliza huku wakicheka, maana wanadhani bata ni mambo ya akina mama, si mambo ya chama. Sisi tunaona ni jambo la chama kabisa, na tunatoa maoni yetu waziwazi.

Maoni yetu ni mawili. La kwanza, mfanyakazi mwenye kipande kidogo cha ardhi afuge bata, maana huyu ndiye ndege anayekubali maisha ya mtu anayeondoka alfajiri na kurudi jioni. La pili, bata huyo asihesabiwe na mwajiri hata siku moja kuwa ni sehemu ya malipo ya kazi.

Tuanze na bata mwenyewe. Anayefugwa na wengi kwetu ni yule mnene mwenye ngozi nyekundu usoni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na wenyeji wa kule walimfuga kabla Wazungu hawajafika, kwa hiyo joto letu si jambo geni kwake. Hana kelele kama bata wa aina nyingine. Jike hutoa sauti ya chini tu, na dume hupumua kama mtu aliyepanda kilima na mzigo kichwani. Katika laini, ambako ukuta ni mwembamba na watu wa zamu ya usiku wanalala mchana, ndege asiyepiga kelele ni baraka. Tena nyapara hamsikii.

Bata huyu hula majani mengi kuliko kuku. Huokota konokono, minyoo, mchwa na nzi, na mvua ikileta kumbikumbi hushindana na watoto. Jioni unampa pumba kidogo, mabaki ya posho na majani ya viazi vitamu yaliyokatwakatwa. Dume likitunzwa vizuri hufika kilo 4 au 5, na jike karibu nusu ya hapo.

Watu wengi hudhani kwamba bata lazima awe na bwawa. Si kweli. Anachohitaji ni maji yenye kina cha kutosha kutumbukiza kichwa, maana husafisha pua na macho kwa maji, na chakula kikavu humkaba kama hana maji karibu. Karai kuukuu linatosha, au jerikeni iliyokatwa katikati. Maji yabadilishwe kila siku, maana bata huyachafua upesi sana, na karai lihamishwe, lisikae mahali pamoja hadi pawe matope. Wale wanaosema bata ni mchafu wameona matope hayo. Maji yake machafu ukiyamwaga kwenye migomba au kwenye sukuma, utaona mwenyewe matokeo.

Dume mmoja anatosha majike manne au matano. Jike hutaga mayai 8 hadi 15 kisha huatamia, na hapa ndipo watu wengi wanapopata hasara kwa kukosa subira. Kuku huatamia siku 21. Bata wale wenye kelele huanguliwa siku ya 28. Lakini bata wetu huyu anataka siku 35. Tumeona watu wakifika siku ya 30, mayai kimya, wanasema yameoza na kuyatupa, kumbe vifaranga walikuwa hai ndani. Hesabu siku zako ukutani kwa mkaa, na mwache mama afanye kazi yake. Ni mama hodari kweli. Wako wanaomtilia mayai machache ya kuku ifikapo siku ya 14 tangu alipoanza kuatamia, na wote huanguliwa pamoja. Ila vifaranga wa kuku uwatenge mapema, maana mama yao huyo atawapeleka matopeni.

Wiki tatu za kwanza ndizo za hatari. Kifaranga akilowa na kupata baridi hufa, kwa hiyo maji yake yawe kwenye sahani iliyotiwa mawe madogo asiweze kuogelea, na usiku alale ndani ya kikapu. Mchana kuna mwewe, kunguru na paka. Kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima, mara nyingi haumwangushi bata. Lakini bata anaweza kuubeba bila kuonyesha dalili na kuwapa kuku wa jirani, kwa hiyo kuku wachanjwe hata kama bata ni wazima. Na tusidanganyane kwamba bata haugui. Mwezi wa Januari 2017 homa ya ndege ilipatikana hapa Uganda kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, na pia kwa bata na kuku wa kufugwa upande wa Masaka. Ndege wengi wakifa kwa ghafla, usile, usiuze, mwite daktari wa mifugo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ni zito, nalo ni posho yenye ukungu. Katika mashamba mengine bado watu wanapewa unga au mahindi, na mara kwa mara gunia linafunguliwa, unga umeshikana mabonge na unanuka. Tumesikia wafanyakazi wakisema, “Basi huu ni wa bata.” Ndugu, hapo mnaua bata na mnajifunika macho wenyewe. Katika wanyama wote wa kufugwa, kifaranga wa bata ni miongoni mwa walio dhaifu zaidi mbele ya sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga, ile ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hiyo ilijulikana baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza, na vifaranga wa bata pia wakafa, kwa kula chakula kilichotiwa karanga zenye kuvu. Baada ya hapo wataalamu walitumia vifaranga wa bata wa siku moja kuipima sumu hiyo, jinsi wanavyoihisi upesi. Na binadamu hakusalimika. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa mashariki, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Sumu hii hushambulia ini, na kuipika hakuimalizi.

Kwa hiyo unga wenye ukungu si wa bata, wala si wa mtoto, wala si wa mtu yeyote. Urudishwe stoo siku ileile. Mjumbe wa chama aandike tarehe, idadi ya magunia na jina la karani aliyetoa, na magunia yabadilishwe. Tumewahi kujibiwa kwamba wafanyakazi wana ndege, basi wawape ndege. Jibu kama hilo linatuonyesha mwajiri anavyomfikiria mtu anayemkatia miwa.

Jambo la pili la namna hiyo ni dawa za kunyunyizia. Bata hapendi kukaa, hufuata mtaro. Na mitaro ya shambani ndiko wapiga dawa wanakosafishia mabomba yao jioni, kwa sababu hawakupewa mahali pengine. Bata akikutwa amekufa mtaroni, watu husema amekula nyoka, au ameonewa wivu. Kabla ya kusema hivyo, ulizeni siku ile dawa gani ilipigwa na mabomba yalioshwa wapi. Mtaro huohuo watoto wanauchezea, na mama anachota humo maji ya kufulia. Na yule aliyebeba bomba mgongoni tangu asubuhi bila glavu wala viatu vya mpira ameinywa dawa hiyo kwa ngozi yake saa nyingi kabla ya bata. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Tumekuta mahali ambapo watu walinyamaza mwaka mzima juu ya glavu, na siku bata sita wa mama mmoja walipokufa ndipo mkutano ulipojaa. Hatuwacheki. Bata sita wanaonekana, na sumu iliyo ndani ya damu haionekani.

Tuje kwenye mshahara. Katika mazungumzo mahali fulani ambapo hatupataji, mkubwa mmoja alituambia mezani kwamba wafanyakazi wake hawana njaa, kwani amepita katika laini na kuona mboga na bata kila mlango. Alisema hivyo kama mtu aliyeshinda kesi. Basi tufanye hesabu pamoja naye, bila hasira. Chukua mtu mwenye majike matatu. Kila moja liangue mara mbili kwa mwaka, kila mara vifaranga kumi. Jumla ni 60. Mwewe, baridi na paka wachukue nusu, wanabaki 30. Familia ile 10 kwa mwaka mzima, wakiwemo wa wageni na wa sikukuu. Wanabaki 20 wa kuuza, yaani hawafiki hata wawili kwa mwezi. Na soko la bata si kubwa kama la kuku, wengine hawamli kabisa. Bata wawili kwa mwezi ni sabuni, chumvi, madaftari na labda dawa ya malaria. Havilipi kodi ya chumba wala karo ya sekondari.

Tena ni nani aliyefanya kazi hiyo? Ni mama aliyerudi kuchuma chai, na watoto baada ya shule. Saa zao hazikulipwa na kampuni. Kama mwajiri anataka kuhesabu bata katika mshahara, kwanza alipe saa za kumchunga.

Kima cha chini cha mshahara hapa kwetu kiliwekwa shilingi 6,000 kwa mwezi mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka kima kipya kufuatana na aina za kazi, na Rais hakutia sahihi. Katika miaka yote hiyo mfanyakazi amezibwa pengo na jembe la mkewe, ndizi zake na ndege wake. Tunafurahi kwamba pengo limezibwa, watoto wamekula. Lakini aliyelizoea pengo kuzibwa na mwingine hawezi kutuambia kwamba pengo halipo.

Kuna neno la ndani ya nyumba pia, na wanaume watuvumilie. Mahali pengi bata ni wa mama mpaka siku anaponenepa. Siku hiyo anakuwa wa baba, na Jumamosi jioni anageuka waragi. Nyumba ya namna hiyo haifugi kwa muda mrefu, maana mama anachoka kulisha glasi ya mtu mwingine. Sisi tunasema aliyemlisha ndiye amuuze.

Juu ya amri za kuondoa ndege, hatupingi usafi. Ndege wakizidi katika laini ya vyumba vidogo ni taabu kwa majirani, na mtu anayeishi katika muzigo mmoja mjini, pasipo hata uwanja, hatumshauri kufuga bata. Lakini tumeona pia laini ambayo choo kimejaa tangu mvua za mwaka uliopita, bomba la maji limekatika, na kitu pekee kilichoandikiwa barua ni bata. Choo kitengenezwe kwanza, kisha tuzungumze habari za ndege.

Tunachotaka kiingie katika mkataba wa pamoja ni hiki. Kila nyumba yenye uwanja iruhusiwe kuwa na majike yasiyozidi manne na dume mmoja, banda liwe nyuma ya nyumba na mbali na kisima, mpiga dawa apewe mahali pa kuoshea bomba palipo mbali na mitaro ya makazi, na posho iliyoharibika ibadilishwe siku inaporudishwa. Pasiwe na maneno yoyote yanayotaja mifugo ya mfanyakazi katika sehemu ya mshahara. Wajumbe mnaokuja kwenye mkutano wa matawi, leteni hesabu ya nyumba zinazofuga, majina ya mitaro ambako mabomba yanaoshwa, na barua za amri kama zipo. Amri ya mdomo ya nyapara haitoshi. Aombwe aiandike na atie sahihi.