Acheni Kusema Mmeugundua

Kila baada ya wiki chache kuna msee anayerusha linki kwenye kundi la WhatsApp: "Manze, nimegundua huyu jamaa. Ati ni Mkenya!" Unafungua, unakuta podikasti ya London au Berlin, mtangazaji anapambana kutamka jina la mtaa wetu, halafu inaingia ngoma ya mtu ambaye pengine mmewahi kubanana naye kwenye matatu. Kundi zima linajaa emoji za moto. Kesho yake ni vichekesho na siasa kama kawaida.

Umegundua nini? Slikback wa Nairobi alitoa Lasakaneku mwaka wa 2018 kupitia Hakuna Kulala, lebo ya Kampala, safari ya usiku mmoja tu kwa basi. Duma walitoa albamu yao ya kwanza 2020, mayowe na mapigo ya kompyuta yakigongana (na jina lao si yule mnyama wa mbugani, ni giza kwa Kikuyu). Mwaka huohuo KMRU akatoa Peel kupitia Editions Mego ya Vienna. Hakuna aliyejificha. Kazi zote hizo zilikuwa wazi mtandaoni, bei imeandikwa, kitufe cha kucheza kipo.

Sina ugomvi na podikasti. Inampa msanii dakika arobaini aeleze alivyorekodi mvua, jenereta na kelele za stendi, kisha inaacha ngoma icheze mpaka mwisho. Redio zetu saa hiyo zinapigia simu mume wa mtu kumuuliza kama ana mpango wa kando. Ukiwapelekea kipande kirefu kisicho na mwimbaji, wanakuuliza korasi iko wapi.

Kinachonikera ni kwamba tumeridhika kuwa wasikilizaji wa pili. Msanii akishajua sikio la kwanza litakalomsikia liko Berlin, taratibu ataanza kulitengenezea hilo sikio. Atajua kipi kinawafurahisha wao, kipi kinahitaji maelezo, kipi akipunguze. Sisi tutapokea kilichobaki, tayari kimetafsiriwa, halafu tulalamike kwamba hakituhusu.

Na kuna wale wa "huo si muziki wetu, ni wa wazungu." Gitaa la umeme la benga lilichongwa wapi, Siaya? KMRU ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki 2018, na ni mjukuu huyo anayezirudisha nyimbo za babu yake mtandaoni ili zisipotee. Huko Dar, vijana wa singeli walichukua vionjo vya taarabu wakaviendesha kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Sounds of Sisso ilipotoka 2017, Ulaya ilishtuka. Uswahilini walikuwa wanaichezea harusini zamani. Hiyo ndiyo tofauti: singeli ilikuwa na mtaa wake kabla ya kuwa na podikasti.

Sasa pesa, maana moto wa emoji haulipi kodi ya nyumba. Tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha michezo 1,000 ndani ya miezi 12. Muziki wa aina hii, wenye wasikilizaji wachache na waaminifu, ndio unaoumia hapo. Bandcamp inakata asilimia 15 kwa mauzo ya kidijitali, na sehemu kubwa ya kinachobaki inaenda kwa msanii au lebo yake. Usiniambie huna kadi. M-Pesa ina kadi yake ya mtandaoni, GlobalPay, tangu 2022. Albamu ya dola 7 ni kama shilingi 900. Mimi niliacha chuo na naishi kwa kuandika vipande kama hiki, najua 900 ni pesa. Lakini pia najua tunavyozitumia Ijumaa usiku.

Santuri wanafundisha vijana kutengeneza muziki huu hapahapa Nairobi. Wakimaliza, nani atawacheza? Nyinyi wenye podikasti za hapa mna maikrofoni nzuri kuliko stesheni nyingi, na vipindi viwili kwa wiki vya nani kaachana na nani. Kimoja kwa mwezi, mwiteni prodyusa mmoja, muulizeni kwa Kiswahili au Sheng alivyokitengeneza, mcheze ngoma nzima bila kuongea juu yake. Berlin waisikie kutoka kwenu.