MAHABUSU HAJAHUKUMIWA

Wanachama wenzetu, tupitao Kisutu asubuhi twaliona karandinga likishusha mahabusu wa Keko na Segerea, nasi twajipitia upesi kama kwamba hayatuhusu. Yatuhusu. Karani ashikaye fedha za watu akishitakiwa kwa utakatishaji fedha hapati dhamana, hata awe na wadhamini kumi.

Katiba, ibara ya 13(6)(b), yakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu cha 148(5)(e) cha sheria ya mwenendo wa jinai, kwa kuwa hakikuweka utaratibu wa kumlinda anyimwaye dhamana. Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu cha 148(5) chote. Agosti Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Basi hakimu asiyeruhusiwa hata kulipima ombi ana kazi gani, ila kutaja tarehe? Kazi hiyo twaiweza sisi makarani. Hata barua ya kuomba likizo husomwa kwanza, ndipo ikakataliwa kwa sababu iliyoandikwa. Bunge na limrudishie hakimu uwezo huo: akikataa na akatae, lakini aandike kwa nini.