Wasini, Mji Usio na Honi



Juma lililopita tuliahidi kuwasimulia safari yetu ya Wasini, na ahadi ni deni.

Tulikuwa watu wanane: akina mama watatu, watoto wanne, na shangazi yetu, ambaye ndiye aliyekuwa chanzo cha safari yote. Mama yake alizaliwa Wasini, akaolewa Mombasa, na uzeeni akarudi kisiwani akafia huko. Tangu goti lake lianze kumsumbua, shangazi hakuwahi tena kulizuru kaburi la mama yake. Gari la kukodi kwa siku nzima tuliliulizia bei, tukanyamaza. Hapo ndipo aliposema kwamba marehemu mama yake hakukodi gari hata siku moja maishani mwake, na bado kila mwaka alikuwa akienda kwao na kurudi.

Alitoa sharti moja tu. Tubebe mitungi miwili ya maji matamu, ya lita 10 kila mmoja. Tende na halua hatukukatazwa, lakini zawadi ya Wasini, alisema, ni maji. Kisiwa kile ni mwamba wa matumbawe. Hakina mto, na kwa vizazi vingi watu wake wameishi kwa maji ya mvua yanayokingwa katika jabia, yale mabirika makubwa yaliyojengwa kwa chokaa. Tulibishana naye kidogo, kwa adabu, tukashindwa.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Feri ya Likoni haimtozi nauli aendaye kwa miguu, na saa ile upepo wa baharini ni wa bure vilevile. Ng'ambo tulipanda matatu ya Lunga Lunga. Kondakta aliitazama mitungi, akamtazama shangazi, akasema kwamba maji nayo yana nauli. Shangazi akamjibu, "Mwanangu, mimi nasafiri na maji haya tangu hujazaliwa, na sijayakatia tikiti." Mwisho yalilipiwa nusu ya kiti, na mmoja wa watoto akaketi juu ya mtungi hadi Ukunda, akiwa na furaha kuliko sisi tuliokaa vitini.

Njia yenyewe haina haja ya maelezo mengi. Baada ya Msambweni minazi inapungua, yanakuja mashamba ya miwa ya Ramisi, na kabla hujachoka umefika njia panda ya Kanana. Hapo tulishuka, tukachukua tuktuk mbili mpaka Shimoni. Kwa anayekwenda na familia, shauri letu ni moja: beba fedha ndogondogo, maana kila chombo kina mlipwaji wake, na hakuna hata mmoja aliye na chenji asubuhi.

Shimoni imepata jina lake kutokana na pango, ambamo zamani watumwa walifungwa wakingoja vyombo vya kuwachukua. Siku hizi wenyeji ndio wanaolisimamia na kupokea ada ya wageni. Watoto walitamani kuingia, lakini bahari ilikuwa ikikupwa, nasi tukawaahidi siku nyingine. Gatini palikuwa na mashua za aina mbili. Za kwanza zina vivuli na maboya mapya, nazo huwapeleka wageni Kisite kutazama pomboo na kisha kula kaa. Za pili hubeba wenyeji, magunia ya unga, godoro, kuku, na siku hiyo mlango mzima wa mbao. Tulipanda ya pili, tukakaa chini ya mlango.

Mlango wa bahari ni mwembamba, na kisiwa unakiona mbele yako tangu mwanzo. Lakini tulipofika, maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Mashua haikuweza kusogea ngazini. Vijana waliruka, wakashusha magunia, kisha wakarudi wawili wakitaka kumbeba shangazi. Akakataa. Alisema kwa upole kwamba wao ni wanawe, Mungu awabariki, ila hatabebwa na mwanamume asiye maharimu wake hata kama atalala mashuani. Tukatazamana. Sisi wenyewe tusingemuweza kati ya mawe yale yenye utelezi, na kusema kweli wakati ule tulijuta kwa nini hatukukopa fedha za gari, tukisahau kwamba gari lisingevuka bahari.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akikosha vyombo ufukweni. Aliita mara moja tu. Wakatoka wanawake sita, mmoja na kiti cha plastiki kichwani, wakakunja nguo zao, wakaingia majini mpaka magotini. Shangazi alikaa kitini ndani ya baibui lake kama bibi harusi, akavushwa mawe yote bila unyayo wake kulowa. Alipouliza ni nani wa kumshukuru, wakamuuliza kwanza yeye ni wa nani. Alipotaja jina la mama yake, kiti hakikuwekwa chini. Kilipelekwa hivyo hivyo mpaka mlangoni kwa binti wa mjomba wake.

Wasini ni mji mdogo usio na gari hata moja. Vichochoro ni vya mchanga na mawe, na sauti unazozisikia ni za paka, mbuzi, watoto wa chuo wakisoma, na wazee wakizungumza Kivumba, ambacho sisi wa Mombasa tulikifahamu kwa kuibiaibia. Mtoto wetu mdogo, aliyezoea kushikwa mkono kila anapotoka, aliachiwa. Alisimama kwanza, asiamini, kisha akatokomea na wenziwe mpaka adhuhuri.

Na mitungi je? Binti wa mjomba aliiona akacheka hata akafuta machozi. Masika yalikuwa mema, jabia yake imejaa hadi ukingoni! Shangazi aliona haya kidogo. Lakini tuliona kwamba mwenyeji hakuiacha mitungi ukumbini pamoja na tende. Aliiingiza mwenyewe chumba cha ndani. Na ingawa jabia ilikuwa imejaa, kila mtoto alipewa kopo moja la maji ya kutawadha, na likamtosha.

Baada ya chakula, ambacho kilikuwa wali, samaki wa nazi na mboga ya pwani iotayo karibu na chumvi, tuliwaacha wazee wakizungumza, tukaenda kuyatazama mawe. Nyuma ya mji pana bustani ya matumbawe yaliyokufa zamani bahari ilipojitenga. Mawe ya kijivu yamesimama, mengine marefu kuliko mtu, yamechongwa na maji kwa maumbo ambayo kila mtoto aliyapa jina lake, na katikati yake imeota mikoko. Bamvua ikija, bahari huingia ikayazunguka. Unapita juu ya njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha akina mama wa kisiwani. Wanatoza ada, na fedha husaidia karo za watoto. Mbao huliwa na chumvi, na mama aliyetuongoza alituonyesha ubao aliougongomea mwenyewe wiki ile. Viatu vya kufunga ni lazima. Matumbawe hayana huruma na kandambili.

Makaburini hatukupata tulilotarajia. Mawe ya alama yamelika, na kila mzee alionyesha mahali pengine, tofauti kwa hatua nne au tano. Shangazi aliwasikiliza wote. Kisha akaomba kiti chake, akakaa pale katikati, akawasomea wote waliolala mahali hapo, na hakutaka kuondoka mpaka nahodha alipotuma mtoto kutuita.

Safari hii maji yalikuwa yamejaa, na mashua ilikuja mpaka ngazini. Binti wa mjomba alitufuata na mtungi mmoja. Kwao, alisema, chombo hakirudi kitupu. Tulipoufungua tulikuta umejazwa maji ya mvua kutoka jabia yake.

Kwa hiyo, jua likielekea kuchwa, tulirudi Kanana, tukapanda matatu, na kondakta mwingine akautazama mtungi akasema kwamba maji yana nauli. Shangazi alilipa bila neno. Tangu tulipofika nyumbani ameuweka chini ya kitanda chake. Ni wa chai peke yake, na anayetaka kikombe huja kuomba kwake. Hadi tunaandika haya, umebaki robo.